Mvua ya Baharini Huipima Nani?

Mpenzi msomaji, kabla sijakupeleka angani, naomba kwanza nikuungamie kosa langu moja. Nilipokuwa kidato cha pili nilikabidhiwa kazi ya kusoma kipimamvua cha shule, kile kilicho nyuma ya maabara ndani ya ua wa waya. Kila siku saa tatu asubuhi nilitakiwa kuyamimina maji kwenye gilasi yenye alama, nisome, niandike daftarini, basi. Kazi ya dakika mbili. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili mvua ilipiga mabati ya bweni hata tukashindwa kusikizana. Kulipokucha ilikuwa Jumamosi, kuna baridi, na mimi blanketi limeninogea. Nikaandika milimita 22 bila kutoka nje.

Mchana mwalimu wetu wa Jiografia akapita kwenye kipimamvua mwenyewe. Alikuta milimita 6.

"Hii ishirini na mbili umeitoa wapi?" akaniuliza Jumatatu mbele ya darasa zima.

"Niliisikia, mwalimu."

Lo! Darasa lilicheka mpaka la jirani wakaja kuchungulia. Tangu siku hiyo jina langu ni Masikio, na naona nitamaliza nalo kidato cha nne. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki iliyofuata kulinyesha manyunyu usiku kucha, kimya kabisa, hakuna hata mmoja aliyeamka. Asubuhi nikaenda mbio na gilasi yangu. Milimita 14! Mvua ya kelele ilikuwa imeleta 6, na ya kimya ikaleta 14. Nilisimama pale nikiwaza kwamba mabati yalikuwa yamenidanganya.

Likizo ya Agosti nilimsimulia mjomba wangu, ambaye ni mvuvi. Alicheka, kisha akaniuliza swali lililonikosesha usingizi. "Nyinyi mnapima mvua ya shuleni. Hiyo inayotumwagikia sisi kule nje, kule usikoona pwani, huipima nani?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi shule nikaanza kusoma, na kumbe wako wataalamu ambao kazi yao ni kuipima mvua ya baharini kwa mwangwi, yaani kwa masikio kama nilivyofanya mimi! Tofauti ni kwamba wao walijua mapema kuwa masikio hudanganya, wakatafuta njia za kuyasahihisha. Habari zao ndizo nilizokuletea.

Kwanza tukubaliane kwamba shida ipo. Bahari imefunika asilimia 71 ya uso wa dunia, na karibu theluthi mbili za mvua yote ya dunia hunyesha katika ukanda wa tropiki, ambao sehemu yake kubwa ni maji matupu. Utakiweka wapi kipimamvua? Ukikiweka melini, meli inayumba, upepo unazungukazunguka kwenye sitaha na kuyapeperusha matone, na mawimbi yanatia maji yao ya chumvi. Ukikiweka kisiwani, visiwa ni vichache, na vile vyenye milima huivutia mvua ambayo bahari iliyo karibu haikuipata. Maboya yapo, lakini yanahesabika. Hata hapa kwetu, mpango wa maboya ya Bahari ya Hindi uitwao RAMA ulichelewa kufika upande wa magharibi kwa sababu ya maharamia. Naam, maharamia wanaweza kuzuia hata hesabu ya mvua! Mwaka 2017 watafiti walijaribu kukadiria: ukivikusanya vipimamvua vyote vya dunia ambavyo takwimu zake zinapatikana, ukavipanga mdomo kwa mdomo, havitajaza hata nusu ya uwanja wa mpira. Nusu ya uwanja, jameni, kwa dunia nzima.

Huenda ukasema, mvua ya baharini inatuhusu nini? Maji yameanguka majini, yamerudi kwao. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini kumbuka somo la Fizikia. Mvuke unapogeuka kuwa maji huachilia joto, yapata jouli milioni 2.5 kwa kila kilo moja. Sasa piga hesabu. Mvua ya milimita 10 juu ya kilomita moja ya mraba ni tani 10,000 za maji. Joto lililoachwa kule mawinguni ili maji hayo yapatikane ni sawa na mtambo wa umeme wa megawati 1,000 ukifanya kazi kwa muda wa saa saba hivi. Hiyo ni kilomita moja ya mraba tu, na mawingu ya baharini hutanda mamia ya kilomita. Joto hilo ndilo linalozisukuma pepo za tropiki. Asiyejua ni mvua kiasi gani imenyesha baharini hawezi kujua joto limemwagwa wapi, na hawezi kueleza kwa nini mwaka huu vuli imejaa na mwaka ule imetupita. Kwetu sisi tunaolima kwa kutazama mbingu, hilo si jambo dogo.

Haya, sasa rada. Umewahi kupiga kelele kisimani ukasikia sauti yako ikikurudia? Rada ni hivyo hivyo, ila yenyewe hutuma wimbi la redio. Antena inatoa mpigo mfupi sana, kisha inanyamaza na kusikiliza. Wimbi likikuta matone ya mvua, sehemu ndogo yake hurudi. Kwa kuwa tunajua wimbi la redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, muda wa kungoja unatuambia matone yako umbali gani. Ndege ikiwa kilomita 12 juu ya bahari na rada yake inatazama chini, mwangwi wa maji ya bahari hurudi baada ya sehemu 80 tu za milioni ya sekunde. Kabla ya hapo hurudi mwangwi wa kila tabaka la wingu, la juu kwanza na la chini mwisho. Ni kama kulikata wingu kisu kutoka juu hadi chini na kulitazama kwa ndani.

Hapo ndipo nilipokutana tena na mabati yangu. Rada haipimi mvua. Inapima mwangwi. Na mwangwi wa tone hauendi kwa kiasi cha maji yaliyomo, bali kwa kipenyo chake kilichopandishwa hadi kipeo cha sita! Hebu chukua kikokotoo. Tone la milimita 2 lina kipenyo mara mbili ya tone la milimita 1. Maji yake ni mara 8, kwa sababu ujazo huenda kwa kipeo cha tatu. Lakini mwangwi wake ni mara 64. Kwa hiyo tone moja la milimita 2 lina kelele sawa na matone 64 ya milimita 1, hali yale matone 64 yamebeba maji mara 8 zaidi. Hata ukikumbuka kwamba matone madogo hushuka polepole, kama mita 4 kwa sekunde na yale makubwa kama 6.5, bado mvua ya matone madogo inaleta maji karibu mara tano zaidi kwa mwangwi ule ule mmoja. Kama ni darasani, ungesema mwanafunzi mmoja mwenye sauti nene amewafunika wenzake sitini na wanne.

Wataalamu huandika nguvu ya mwangwi kwa desibeli. Chukua mwangwi wa desibeli 40. Fomyula maarufu iliyotokana na kazi ya Marshall na Palmer kule Kanada mwaka 1948 itakwambia hapo pananyesha milimita 12 hivi kwa saa. Fomyula nyingine, inayotumika Marekani kwa mvua za aina ya tropiki zenye matone madogo mengi, itakwambia milimita 22 hivi. Mwangwi ni ule ule, majibu ni mawili, na moja linakaribia kuwa mara mbili ya lingine. Mimi nilichekwa kwa kosa kama hilo!

Basi utajuaje matone ya huko baharini ni ya aina gani? Hapana njia ila kwenda. Kuanzia Novemba 1992 hadi Februari 1993 nchi nyingi zilishirikiana katika utafiti ulioitwa TOGA COARE, magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, karibu na Papua New Guinea na Visiwa vya Solomon. Maji ya huko ni miongoni mwa maji ya bahari yenye joto zaidi duniani, na mawingu yake si mchezo. Ndege zilikwenda za aina kadhaa. Kutoka Honiara ziliruka ndege mbili za Marekani za aina ya P-3, zenye pangaboi nne kila moja, ambazo wenyewe wamezipachika majina ya vikaragosi, Kermit na Miss Piggy. (Naona hata ndege hazinusuriki majina ya utani.) Hizi zina rada mkiani. Antena yake huzunguka kama gurudumu, ikitazama juu, kando, chini na kando tena, huku ndege ikisonga mbele, hivyo wimbi lake linaichora mvua mfano wa waya wa springi. Ndege hizi huingia mvuani kwenyewe. Kwenye mabawa zina vifaa vya leza: tone likipita mbele ya mwanga huo kivuli chake hupigwa picha na kupimwa ukubwa. Hilo ndilo daftari la matone lililokuwa likikosekana.

Kutoka Townsville, Australia, ilikuja DC-8 ya shirika la NASA, ndege kubwa ya jeti iliyokuwa ikiruka juu zaidi, na tumboni imebeba rada iitwayo ARMAR inayotazama chini. Juu yake kabisa, kama kilomita 20, ilipita ndege ya ER-2 yenye rubani mmoja. Siku nyingine walizipanga ndege hizi moja juu ya nyingine juu ya wingu lile lile. Ya chini inayahesabu matone, ya kati inasikiliza mwangwi, ya juu inatazama kama vile setilaiti ingetazama. Nadhani sasa unaona werevu wao. Mwalimu wangu alikuja na gilasi baada ya mimi kuandika. Hawa walipeleka masikio na gilasi pamoja.

Lakini ARMAR ilikuwa na tatizo jingine, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Rada hiyo ilitumia wimbi fupi, la sentimita 2.2. Wimbi fupi linaruhusu antena ndogo inayobebeka, ila mvua yenyewe hulila. Likishuka katikati ya mvua kubwa linapungua, na likirudi linapungua tena. Matokeo yake, mwangwi wa karibu na maji huwa hafifu kuliko ulivyostahili, na mtu asiyejua atasema mvua inakauka kabla ya kufika chini. Uongo mtupu. Mvua inafika, ila habari zake zimeibiwa njiani.

Mwizi huyo walimshikaje? Kwa kuiuliza bahari. Uso wa bahari pia hurudisha mwangwi, tena wenye nguvu. Ndege ikiwa mahali pasipo mvua, unaupima mwangwi wa bahari na kuuandika. Ikiingia juu ya mvua unaupima tena. Bahari ni ile ile, kwa hiyo ikiwa mwangwi umepungua, kilichopungua ndicho kilicholiwa na mvua katika kwenda na kurudi. Sasa una mashahidi wawili: mwangwi wa matone na upungufu wa mwangwi wa bahari. Hawa wawili hawasemi kwa namna moja, kwa kuwa upungufu hautegemei ukubwa wa tone kwa ukali ule wa kipeo cha sita. Ukiwahoji pamoja, matone makubwa machache hayawezi tena kujifanya mafuriko. Si kwamba njia hii haina dosari. Upepo ukiukoroga uso wa bahari mwangwi wake hubadilika, na matone yanayopiga maji nayo huukwaruza. Na mvua ikiwa nyepesi, upungufu ni mdogo mno hata shahidi wa pili anakosa la kusema. Kwenye mvua kubwa, hata hivyo, ndipo anapohitajika hasa.

Kuna jambo lingine rada ya ndege iliweza kulionyesha waziwazi. Mvua za tropiki ni kama za aina mbili. Iko ile ya mawingu marefu yanayochemka, matone makubwa, dakika chache, basi. Na iko ile tulivu inayofuata nyuma yake, imetanda eneo kubwa, ikinyesha kwa masaa. Hii ya pili ina alama yake. Juu ya wingu kuna chembe za theluji zinazoshuka polepole, mita moja au mbili kwa sekunde. Zikifika yapata kilomita 4.5 hadi 5 juu ya bahari zinakutana na joto na kuanza kuyeyuka. (Urefu huo ndio barafu ya Mlima Kenya iliyobaki inapong'ang'ania.) Chembe ikishalowa maji huku bado ni pana, rada huiona kama tone kubwa ajabu, kwa hiyo mwangwi huwaka pale kama ukanda mwangavu. Chini kidogo chembe inajikunja kuwa tone dogo, inashuka kwa kasi, na mwangwi unapoa. Ukiuona ukanda huo unajua uko kwenye mvua tulivu. Ukikosekana na badala yake ukaona mnara wa mwangwi uliosimama wima, hilo ni wingu linalochemka.

Rada hizi pia husikia mwendo. Matatu ikija inapiga honi sauti ni kali, ikikupita tu sauti inashuka; ndivyo mwangwi unavyobadilika kidogo kulingana na tone linavyokaribia au kukimbia antena. Kazi ngumu ni kuutoa mwendo wa ndege yenyewe, ambayo inakwenda kasi kuliko tone lolote na inatikisika juu. Hiyo hesabu sitaigusa, maana hata mimi ilinipiga chenga.

Kwa nini walihangaika vile mwaka 1993? Kwa sababu walikuwa wanajiandaa kupeleka rada ya mvua angani, jambo ambalo lilikuwa halijafanywa na mtu yeyote. Setilaiti hiyo, TRMM, ya Japani na Marekani, ilirushwa kutoka kisiwa cha Tanegashima tarehe 27 Novemba 1997 na ilifanya kazi hadi mwaka 2015. Rada yake ilitumia wimbi la urefu ule ule wa ARMAR, kwa hiyo ndege ilikuwa kama mtihani wa majaribio. Kutoka kilomita 350 juu, doa moja la rada lilikuwa na upana wa zaidi ya kilomita 4, na ndani yake mvua na ukavu vinachanganywa kama alama za darasa zinavyotolewa wastani: mmoja amepata 90, wengine 10, na wastani haumfanani mtu. Doa la rada ya ndege lilikuwa karibu mita 800 tu, kwa hiyo lilionyesha kilichofichwa ndani ya wastani. TRMM ilipomaliza miaka yake ya mwanzo iligundulika kwamba karibu asilimia 40 ya mvua ya tropiki hutoka kwenye ile aina tulivu. Soma tena hapo. Asilimia 40, kutoka kwa mvua ya kimya! Nilipoisoma nilikumbuka milimita zangu 14. Mwaka 2014 mwezi wa Februari ilirushwa setilaiti ya pili, ya mpango wa GPM, yenye rada ya mawimbi mawili, kwa sababu mawimbi mawili huliona tone kwa namna mbili.

Hata bahari yetu wameifikia. Mwishoni mwa mwaka 2011 ndege ya P-3 iliruka kutoka kisiwa cha Diego Garcia, katikati ya Bahari ya Hindi, kwenye utafiti ulioitwa DYNAMO. Walikuwa wanafuatilia lile kundi kubwa la mvua ambalo Madden na Julian walilieleza mwaka 1971, linalozaliwa katika Bahari ya Hindi na kusafiri kuelekea mashariki, na kurudia kila siku 30 hadi 60. Likiamka huku, huweza kuchangamsha mvua za Afrika Mashariki. Likihamia Pasifiki, huku tunaweza kukaukiwa hata katikati ya msimu.

Desemba nilimrudia mjomba na majibu. Nilimchorea ndege mchangani, nikamchorea wimbi, matone na mwizi wa njiani. Alisikiliza huku anashona wavu, hakuinua macho. Nilipofika kwenye mwangwi wa maji alisimamisha sindano.

"Kwa hiyo wanaiuliza bahari yenyewe."

"Ndiyo, mjomba."

"Afadhali," akasema, akaendelea kushona.

Sisi huku shuleni hatuna ndege wala leza, lakini tuna unga. Mwaka 1904 Bwana Wilson Bentley wa Vermont, Marekani, yule aliyesifika kwa picha za theluji, alieleza jinsi alivyopima matone kwa sinia la unga. Unasawazisha unga, unafunika, unatoka mvuani, unafunua kwa sekunde chache, unafunika tena. Kila tone linaacha donge. Yakikauka unachekecha na kuyapima kwa rula. Nimejaribu mara mbili. Mvua ya kelele ilinipa madonge kama ndengu. Ya manyunyu ilinipa kama punje za wimbi, lile la uji, si la bahari. Mpishi alinikasirikia kwa sababu ya unga, na ana haki. Masika yakianza nataka tupime kila mvua, sinia kando ya kipimamvua, mwezi mzima, na tuandike na kelele ya mabati kwa alama kutoka 1 hadi 5. Anayetaka kusaidia anikute nyuma ya maabara saa kumi jioni. Uliza tu Masikio, utaonyeshwa. Na uje na unga wako.